Filamu fupi ya makala kuhusu Mnara wa Saa wa Arusha: dai la "katikati ya Cape na Kairo" tulishike vipi?

mwana_ngarenaro

Wakuu, salaam. Tuko watatu na tunataka kutengeneza filamu fupi ya makala, dakika 8, ikizidi sana 10, kuhusu Mnara wa Saa wa hapa Arusha, ule wa kwenye kipilefti cha Klok Tawa. Kila mgeni anayefika anaambiwa pale ndipo nusu ya njia kati ya Cape Town na Kairo. Anapiga picha, ananunua bangili, anaondoka. Hakuna anayeuliza nani alipima na alipima kwa njia gani. Filamu yetu inataka kuuliza hilo, bila kuwa darasa la jiografia.

Vifaa tulivyonavyo: simu mbili zinazorekodi 4K, tripodi moja, maiki moja ya waya ya kubana kwenye kola, na kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 8. Droni hatuna.

Tunachotaka kujua: dai lenyewe lina ukweli kiasi gani, maana tukikosea hapo filamu nzima imekufa? Vibali tuanze wapi? Na kelele za kipilefti tuzifanyeje, kwa sababu pale bodaboda, daladala na wauza picha hawanyamazi kuanzia alfajiri hadi usiku?

---

kamba_na_tufe

Naanza na dai, kwa sababu jibu lake linapendeza kuliko mnavyodhani na ndilo litakalowapa umbo la filamu.

Kuna maswali mawili tofauti yamefungwa pamoja. La kwanza: je, Arusha iko umbali sawa kutoka miji yote miwili? La pili: je, Arusha iko katikati ya mstari unaoiunganisha miji hiyo? Watu wanajibu la kwanza huku wakidhani wamejibu la pili.

Umbali wa angani kutoka Arusha hadi Cape Town ni takribani kilomita 3,880. Kutoka Arusha hadi Kairo ni takribani 3,750. Tofauti ni kama kilomita 130 tu, kwa bara kubwa namna hii. Kwa hiyo aliyeanzisha dai hakuropoka. Linganisheni na majirani: Nairobi iko karibu zaidi na Kairo kwa zaidi ya kilomita 550, na Dodoma iko karibu zaidi na Cape Town kwa karibu 500. Arusha inawashinda wote wawili kwa mbali.

Sasa swali la pili. Mstari mfupi kabisa wa Cape Town hadi Kairo una takribani kilomita 7,200. Jumlisheni zile mbili za Arusha mnapata kama 7,630. Hizo 400 na ushee zilizozidi ndizo zinazowaambia kwamba Arusha haiko juu ya mstari, iko pembeni. Katikati halisi ya mstari inaangukia karibu na nyuzi 2 kusini na nyuzi 25 mashariki, yaani kwenye misitu ya Kongo, kaskazini magharibi ya mji wa Kindu. Kutoka mnarani hadi hapo ni kama kilomita 1,300 kuelekea magharibi.

Na kuna jambo la tatu ambalo mimi ningelifanya ndiyo mwisho wa filamu. Mahali ambapo umbali wa pande zote mbili unalingana kabisa, ukishuka kusini moja kwa moja kutoka mnarani, ni kama kilomita 65, kwenye nyika za Simanjiro. Hapo hapana mnara wala kipilefti. Ni nyasi na ng'ombe.

Namna ya kuonyesha: msitumie ramani ya karatasi bapa, maana mtu yeyote mjuzi atawaambia ramani bapa hupotosha umbali. Tafuteni tufe la shuleni. Kwenye tufe la kipenyo cha sentimita 30, Cape Town hadi Arusha ni sentimita 9.2 hivi, na Arusha hadi Kairo ni 8.9 hivi. Tofauti ni milimita 3. Kwa hiyo msitumie kamba ya katani, unene wake peke yake utaila hiyo tofauti. Tumieni uzi wa kushonea, rangi nyekundu, na pini nyembamba. Kamera iwe karibu na juu kabisa ya mahali pa kupimia. Ikiwa pembeni, mviringo wa tufe utawadanganya macho.

Umbali wa barabarani msiutaje kwa tarakimu moja. Ukipita Zimbabwe au Botswana, ukipanda kwa Moyale, mpakani mwa Kenya na Ethiopia, au ukazunguka kwingine, jibu linahama kwa mamia ya kilomita. Semeni hivyo hivyo kwenye filamu, inatosha.

---

kibali_kwanza

Upande wa vibali, kwa kifupi maana mambo haya hubadilika na ada nazo hubadilika, ulizeni ofisini kabla ya kupanga bajeti.

Utengenezaji wa filamu Tanzania uko chini ya Bodi ya Filamu, kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 na marekebisho yake. Anzeni kwa Afisa Utamaduni wa Jiji. Yeye atawaelekeza fomu na atawaambia kama mradi wenu unaishia kwake au unapanda juu. Nendeni na vitu vitatu mkononi: muhtasari wa filamu wa ukurasa mmoja, orodha ya maeneo na tarehe, na majina ya wahusika wa utengenezaji pamoja na namba za vitambulisho. Muhtasari usiandikwe kwa maneno makubwa. "Makala ya dakika 8 kuhusu historia ya Mnara wa Saa, bila droni, bila kufunga barabara, watu watatu" inapita haraka kuliko kurasa tano za maono.

Barua ya pili iende kwa Mkurugenzi wa Jiji kwa ajili ya kipilefti chenyewe. Kuna tofauti kubwa kati ya kusimama kando ya barabara na simu, na kuweka tripodi katikati ya kisiwa cha kipilefti. La pili bila barua mtaondolewa, na atakayewaondoa atakuwa na haki.

Mkipata barua, toeni nakala tatu. Moja ikae na mpiga picha, moja na anayehoji, moja kwenye begi. Askari akiuliza, anayejibu awe mmoja, na kamera ishuke wakati huo. Msielekeze lenzi kwenye vituo vya polisi, benki, au gari la jeshi linalopita. Likiingia kwenye fremu, kateni kipande hicho.

Droni msiiwaze hata kidogo kwa filamu hii. Inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na idhini ya upande wa ulinzi, na uwanja wa ndege wa Kisongo uko karibu na mji. Picha ya juu mtaipata kwenye dirisha la ghorofa.

Mwisho, ridhaa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, sura na sauti ya mtu si vitu vya kuchukua hivi hivi. Andaeni karatasi ya nusu ukurasa kwa Kiswahili: nani anatengeneza, itaonyeshwa wapi, mhojiwa anaweza kujitoa hadi lini. Asiyependa kuandika, asome au asomewe mbele ya kamera na aseme jina lake na kwamba amekubali. Mtoto bila mzazi, hapana.

---

fundi_sauti_mkwaju

Kelele. Kwanza mjue kwamba kelele za Klok Tawa hamtaziondoa kwenye kompyuta. Programu za kawaida za kusafisha sauti huondoa mvumo wa feni au friji kwa sababu unajirudia bila kubadilika. Honi na bodaboda zinabadilika kila sekunde na ziko kwenye masafa yale yale ya sauti ya binadamu. Mkilazimisha, mhojiwa atasikika kama anaongea ndani ya debe.

Kwa hiyo mahojiano marefu yasifanyike kipilefti. Tafuteni chumba, ua, au duka lenye nguo na vitambaa (nguo hunyonya mwangwi), na mnara uonekane kwenye picha za kujazia (zile zinazowekwa juu ya sauti ya mhojiwa). Pale mnarani rekodini majibu mafupi tu ya sekunde 10 hadi 20 kutoka kwa wapita njia, ambapo kelele ni sehemu ya mahali na msikilizaji anaisamehe kwa sababu anaiona.

Kwa hayo majibu mafupi:

Maiki ya kola ikae kiganja kimoja chini ya kidevu. Kila mkiongeza umbali mara mbili, sauti ya mtu inashuka kwa desibeli 6 wakati kelele za barabara zinabaki pale pale. Hii ndiyo sababu maiki ya kwenye simu iliyo mita mbili mbele haifai kitu.

Mgeuzeni mhojiwa aipe barabara mgongo, mwili wake unaikinga maiki kidogo. Kisha maiki ifichwe chini ya tabaka moja la nguo. Ukuta wa vioo uepukeni, unarudisha kelele zote.

Simu inayorekodi iwe kwenye hali ya ndege. Mtandao ukitafuta mawimbi, waya wa maiki unaokota ule mlio wa "ti-ti-ti" na hautoki.

Kipimo cha sauti kiruke kati ya desibeli -18 na -12, kilele kisipite -6. Honi ya lori itapiga juu tu, lakini mkiwa na nafasi hiyo haitapasuka. Rekodini kwa 48 kHz. Na mtu wa tatu avae hedifoni muda wote, kazi yake iwe hiyo tu. Waya wa maiki ukilegea mtu asiye na hedifoni hajui hadi arudi nyumbani.

Kabla ya kuondoka kila eneo, rekodini dakika mbili za sauti ya mahali bila mtu kuongea. Asubuhi na jioni kando kando, kwa sababu kipilefti cha saa 1 asubuhi si kile cha saa 11 jioni. Hizo dakika ndizo zitakazoziba mapengo mkikata maneno kwenye uhariri.

---

dirisha_la_juu

Nyongeza ya picha, na mtego mmoja ambao hakuna filamu nyingine inao: mnara huu una saa. Kila picha mtakayopiga inamwambia mtazamaji ilipigwa lini. Mhojiwa akianza sentensi mishale ikiwa saa 3 na dakika 10, mkakata na kuunganisha na sentensi aliyoisema baadaye, saa nyuma yake itaruka dakika 25 na watu wataona. Watu wa Arusha hasa, maana wanaijua. Ama mmuweke mhojiwa mahali ambapo uso wa saa hauonekani, ama mtumie picha ya kujazia juu ya kila mkato. Picha za mnara pekee zipangwe kwenye filamu kwa mfuatano wa saa zilivyopigwa. Hata kama mishale haitembei siku hiyo, andikeni, kwa sababu ikija kutengenezwa katikati ya kazi yenu mtakuwa na mnara wenye saa mbili.

Mwanga: tuko nyuzi 3 na kitu kusini ya ikweta, kwa hiyo jua linapanda wima na haraka. Kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri nyuso zinakuwa na vivuli vyeusi chini ya macho. Pigeni kati ya saa 12:45 na saa 3 asubuhi, kisha rudini saa 10 hadi saa 12:30 jioni. Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini siku nzima, upande wa kusini wa mnara hauguswi na jua. Desemba na Januari ni kinyume. Mkitaka Mlima Meru uonekane nyuma, kamera inatazama kaskazini, na majengo yakiwaruhusu ni asubuhi mapema kabla mawingu hayajaukamata. Miezi ya baridi mnaweza kuukosa wiki nzima, msiujenge mswada juu yake.

Mpangilio wa simu: fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) sekunde 1/50. Umeme wetu ni wa 50 Hz. Mkitumia 30 na 1/60, taa za dukani na mabango ya taa yatapepesa kwenye picha na hakuna dawa. Juani shata ya 1/50 kwenye simu itaunguza picha, kwa hiyo nunueni kichujio cha kupunguza mwanga cha ND64. Kama hamna, acheni shata ipande mchana, lakini chini ya taa za umeme rudini kwenye 1/50. Fungeni fokasi, mwanga na rangi kabla ya kila picha. Basi jeupe likipita mbele simu isiyofungwa inafanya picha nzima kuwa giza kwa sekunde mbili.

Kwa picha ya ghorofani, ombeni dirisha kwenye jengo lolote linaloangalia kipilefti. Kama kioo hakifunguki, bandikeni lenzi kwenye kioo chenyewe, zimeni taa za chumba, na funikeni simu kwa kitambaa cheusi. Kutoka hapo fanyeni ile picha ya muda uliokazwa: mkipiga picha moja kila sekunde 15 kwa saa moja mnapata picha 240, ambazo ni sekunde 9.6 za filamu, na mshale mrefu unazunguka mduara mzima. Tripodi iwekewe mfuko wa mchanga, simu iwe kwenye chaja, na asiguse mtu.

---

mwana_ngarenaro

Hapa tumepata zaidi ya tulichotarajia, asanteni sana. Mawili yamebaki. Tulikuwa tumepanga kufungua filamu na Cecil Rhodes, yule mkoloni wa Kiingereza, na ndoto yake ya reli ya Cape hadi Kairo, kisha tushuke hadi mnarani. Ni sawa? Na nyaraka za zamani za mnara wenyewe tuzitafute wapi, maana kila mzee ana mwaka wake.

---

kabati_la_magazeti

Msifungue na Rhodes. Kila makala ya "Cape hadi Kairo" inaanza na yeye, na reli yenyewe haikukamilika wala haikupangwa kupita mnarani. Kinachoihusu Arusha ni barabara. Tanganyika ilipokuwa ya Wajerumani ndiyo iliyokata mnyororo wa maeneo ya Waingereza kutoka kusini hadi kaskazini. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia nchi ikawa chini ya Uingereza, na Barabara Kuu ya Kaskazini ikapita hapa kwenda Namanga na Nairobi. Sekunde 40 za maelezo hayo zinatosha, na ziwekwe baada ya dakika ya pili, mtazamaji akiwa tayari anataka kujua. Fungueni na mtu anayeulizwa "hapa ni katikati ya nini?" Mkusanye majibu saba au nane, mengine yatapingana, hapo mna mwanzo.

Nyaraka: nendeni Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, muombe majalada ya wilaya na ya mji wa Arusha kipindi cha Waingereza. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyiko wa Afrika Mashariki wenye magazeti ya zamani, likiwemo Tanganyika Standard, lililoanza 1930. Tafuteni kwa tarehe za sherehe na ziara za viongozi, maana minara ya aina hii huzinduliwa siku kama hizo. Hapa mjini pandeni Barabara ya Boma hadi boma la Wajerumani la 1900, ambalo sasa ni makumbusho, muulize kuhusu picha za mji wa zamani.

Picha ya zamani isiyo na tarehe ina njia ya kuikadiria. Mnara umebadilishwa rangi na matangazo ya biashara vipindi mbalimbali, kwa hiyo zipangeni picha zote sakafuni, mlinganishe tangazo, aina ya magari, namba za magari na urefu wa miti. Moja ikiwa na tarehe ya uhakika, inazivuta nyingine. Mwaka wa ujenzi msiuandike kwenye skrini hadi muwe na karatasi ya wakati ule. Wazee watatu wakitaja miaka mitatu, waacheni waitaje wote watatu mbele ya kamera. Na kila picha, ulizeni mwenye haki nayo kabla ya kuipiga skani. Kuikuta mtandaoni hakukupi ruhusa.

---

meza_ya_uhariri

Mimi naongezea ya kompyuta tu, kwa sababu GB 8 itawatesa msipojipanga.

Simu hurekodi fremu zinazoyumba: zimeandikwa 25, kumbe mara 24.7 mara 25.2. Kwenye mahojiano ya dakika 15 midomo na sauti vitaachana taratibu. Kabla ya kuhariri, pitisheni kila faili kwenye HandBrake (programu ya kubadilisha faili za video), chagueni fremu 25 zisizobadilika. Kisha tengenezeni nakala nyepesi za 720p za kuhariria, na mwishoni tu ndiyo programu irudi kwenye faili kubwa.

Hesabu ya nafasi: zidisheni megabiti (Mb) kwa sekunde kwa 0.45, mnapata GB kwa saa. Simu ikirekodi kwa 50 ni GB 22.5 kwa saa. Kwa filamu ya dakika 8 msirekodi zaidi ya saa mbili za mahojiano na saa moja ya picha za kujazia, zaidi ya hapo hamtazitazama. Nakala mbili kwenye diski mbili jioni ile ile, na kadi isifutwe hadi zote mbili zifunguliwe na kuonekana.

Mswada wa msimulizi: Kiswahili kina maneno marefu, wekeni maneno 100 hadi 110 kwa dakika. Msimulizi asizidi dakika 3, yaani maneno 320 hivi. Zile tarakimu za @kamba_na_tufe msizitaje zote kwa sauti. Mbili zisikike (3,880 na 3,750), za Kindu na Simanjiro zionekane kwenye tufe. Msikilizaji akipewa tarakimu nne mfululizo hashiki hata moja.

Sauti ya msimulizi irekodiwe chumba chenye godoro limesimamishwa ukutani na blanketi nyuma ya msomaji, feni imezimwa. Toleo la kutuma WhatsApp litumeni kama faili, si kama video, vinginevyo litabanwa hadi pini za kwenye tufe zisionekane.

---

kamba_na_tufe

@meza_ya_uhariri sawa kabisa kuhusu tarakimu. Nyongeza moja kwenye tufe: lifungeni lisizunguke kwa plastisini chini ya mhimili, na mpige picha ya uzi mara mbili, kwanza Cape Town hadi Arusha, mkate uzi hapo, kisha uzi ule ule uanzie Arusha kwenda Kairo. Utapita Kairo kwa milimita 3. Hiyo milimita 3 ndiyo mnaisogelea kwa lenzi ya karibu, bila msimulizi kusema neno.